Ni Moshi au ni Maji?

Hewa ina chembe ndogo sana za moshi na vumbi. Hatuwezi kuziona moja moja. Lakini huingia mapafuni na kuleta maradhi. Ndiyo maana watu huzipima.

Mashine kubwa za kupimia hewa ni ghali. Siku hizi kuna vipimo vidogo vya bei nafuu. Kipimo hicho huvuta hewa na kuimulika kwa taa ndogo. Nuru ikigonga chembe hutawanyika. Nuru ikitawanyika sana, kipimo huonyesha namba kubwa.

Tazama chumvi iliyoachwa wazi wakati wa masika. Hulowa, kwa sababu hunyonya maji ya hewani. Chembe nyingi za moshi nazo hunyonya maji na kuvimba. Chembe iliyovimba hutawanya nuru zaidi. Kipimo husema moshi umezidi, kumbe ni maji.

Basi namba hiyo lazima irekebishwe. Mwaka 2021 wataalamu wa Marekani walitoa kanuni kwa ajili ya kipimo kiitwacho PurpleAir. Tufanye hesabu pamoja. Kwa siku nzima kipimo kimeonyesha wastani wa maikrogramu 60 katika kila mita ya ujazo ya hewa. Unyevu wa hewa ni asilimia 80.

Zidisha namba ya kipimo: 60 × 0.524 = 31.4
Zidisha unyevu: 80 × 0.0862 = 6.9
Toa: 31.4 − 6.9 = 24.5
Ongeza 5.75: jibu ni karibu 30.

Kumbe 60 ilikuwa 30! Lakini tusifurahi upesi. Shirika la Afya Duniani linashauri wastani wa siku usizidi 15. Hewa hiyo bado ni mbaya.

Kanuni ya Marekani haifai kila mahali, kwa kuwa moshi na vumbi hutofautiana. Mizani ya duka hukaguliwa kwa jiwe sahihi. Kipimo cha hewa nacho huwekwa kando ya mashine kubwa, kisha namba hulinganishwa. Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, hufanya hivyo.

Maswali
1. Kwa nini kipimo hudanganya wakati wa unyevu?
2. Kipimo kimeonyesha 40 na unyevu ni asilimia 70. Tafuta namba sahihi kwa kanuni hii.
3. Jikoni kwenu moshi hutokea wapi?