Kazi Moja kwa Aina Nyingi: Nani Hulipa Gharama?

  Fungueni madaftari yenu, tuanze.

Mwajua ya kuwa kompyuta haifahamu Kiswahili wala Kiingereza. Mtu huandika programu kwa lugha maalumu, kisha programu nyingine, iitwayo kompaila, huyageuza maandishi hayo yawe amri za mashine. Leo twauliza swali moja. Mwandishi akitaka kazi moja itumike kwa vitu vya aina nyingi, nani atalipa gharama yake?

Kwanza, aina ni nini? Namba kamili, kama 7, ni aina moja. Namba yenye desimali, kama 7.5, ni aina ya pili. Jina, kama Asha, ni aina ya tatu. Kompyuta huziweka kwa njia mbalimbali. Amri ya kujumlisha 7 na 8 siyo amri ya kujumlisha 7.5 na 8.25. Kwa hiyo kompaila ikijua aina mapema, huweza kuchagua amri fupi na ya haraka.

Sasa tutazame kazi ya kugeuza orodha, wa mwisho awe wa kwanza. Je, ni lazima kujua kama orodha ni ya namba au ya majina? Si lazima. Mpagazi anayepanga upya magunia hana haja ya kuyafungua. Basi kazi hiyo yafaa kuandikwa mara moja tu. Kosa likionekana, husahihishwa mahali pamoja. Robin Milner wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti, alieleza jambo hili katika maandishi yake ya mwaka 1978. Katika lugha ya ML, aliyoiunda pamoja na wenzake, kompaila hutambua aina yenyewe, bila ya mwandishi kuzitaja kila mara.

Lakini, ndugu zangu, hakuna cha bure. Mashine lazima ipate amri zilizo wazi. Ziko njia tatu za kuzipata.

Njia ya kwanza ni kukipa kila kitu nafasi ya ukubwa mmoja. Ndivyo ifanyavyo lugha ya OCaml. Kitu kisichoenea katika nafasi ile huwekwa kwingine katika kumbukumbu ya mashine, na katika nafasi huandikwa anwani yake tu. Kwa hiyo amri za kugeuza orodha hutengenezwa mara moja, na kompaila humaliza upesi. Hasara yake ni kwamba kuifuata anwani huchukua muda. Tena, biti moja hutumika kama alama ya kutenganisha namba na anwani. Ndiyo maana katika mashine ya biti 64, namba kamili ya kawaida ya OCaml ina biti 63.

Njia ya pili ni kutengeneza nakala. Kompaila iitwayo MLton huisoma programu nzima, na kwa kila aina inayotumika hutengeneza nakala yake. Ni kama fundi cherehani anayemshonea kila mtu kwa kipimo chake. Programu hukimbia sana. Lakini hesabuni: kazi ya aina moja ikitumika kwa aina 3, zapatikana nakala 3. Kazi yenye nafasi mbili za aina yaweza kuhitaji nakala 9. Tena, kwa sababu kompaila yasoma yote pamoja, badiliko dogo hulazimu programu nzima kutafsiriwa upya, na mwandishi hukaa akingoja.

Njia ya tatu ni ya lugha ya Haskell. Kazi ya kujumlisha orodha, tofauti na ile ya kugeuza, lazima ijue namna ya kujumlisha. Mwaka 1989 Philip Wadler na Stephen Blott walieleza dawa yake: kompaila huipa kazi hiyo kamusi iliyofichika, yenye njia za kujumlisha aina ile. Maandishi hubaki safi. Lakini kwa orodha ya namba milioni moja, kazi huombwa kupitia kamusi mara milioni moja, mahali ambapo amri moja ya mashine ingetosha.

Kompaila ya Haskell iitwayo GHC, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Glasgow, huweza kuipunguza gharama hiyo. Hutengeneza nakala maalumu ya aina fulani, isiyohitaji kamusi. Mwandishi naye aweza kuiagiza. Sharti lake ni kwamba kompaila ipate kuyaona maandishi ya kazi yenyewe. Ikiona jina lake tu, haina la kufanya.

Basi tushike lipi? Mtu akiogopa gharama, akaandika kazi ile ile mara tano kwa mkono, siku moja atasahihisha kosa mahali panne, na pa tano litabaki. Ikiwa ni hesabu ya mishahara, mfanyakazi mmoja atapunjwa. Na mtu akitumia kazi za jumla kila mahali bila kupima, watumiaji watangoja, na betri za simu zao zitaisha upesi. Njia ya busara ni hii: andika kazi ya jumla kwanza. Kisha pima muda kwa chombo cha kupimia. Mwisho, agiza nakala maalumu mahali pale tu palipoonekana pazito. Usikisie, pima.

Maswali ya kujadiliana darasani:
1. Kwa nini kugeuza orodha hakuhitaji kamusi, na kujumlisha kunahitaji?
2. Njia ipi humchelewesha mwandishi, na ipi humchelewesha mtumiaji?
3. Kazi yenye nafasi mbili za aina, ikitumika kwa aina 4, yaweza kuhitaji nakala ngapi?

Andikeni majibu kwa sentensi kamili. Kwaherini, tuonane katika somo lijalo.