Tambarare za Kanada kwa Gari la Nyumba

Mkoa wa Saskatchewan, katikati ya Kanada, una kilomita za mraba zipatazo 650,000. Kenya nzima ina 580,000 na ushei. Lakini sensa yao ya mwaka 2021 ilihesabu watu 1,132,505 tu, ilhali Makueni peke yake ilikuwa na watu 987,653 katika sensa yetu ya 2019. Wachukue wakazi wote wa Makueni, waongeze wa pembe moja ya Kitui, kisha uwatawanye katika nchi inayoishinda Kenya kwa ukubwa. Tena karibu nusu yao wamejikusanya katika miji miwili, Saskatoon na Regina. Kwingine ni ngano na anga.

Mimi na mke wangu tuliivuka nchi hiyo kwa barabara, kutoka Winnipeg katika mkoa wa Manitoba hadi Calgary katika mkoa wa Alberta. Ni zaidi ya kilomita 1,300, karibu mara tatu ya mwendo wa Nairobi hadi Mombasa. Barabara ni ile iitwayo Trans-Canada, iliyofunguliwa rasmi mwaka 1962, nayo inaiunganisha Atlantiki na Pasifiki.

Tulikodi gari la nyumba, maana huko wenyeji wenyewe husafiri hivyo kiangazi. Mbele ni usukani na viti viwili. Nyuma kuna kitanda, jiko la gesi, friji, sinki na choo. Jioni unaingia kwenye uwanja wa kambi, unalipia nafasi yako, unachomeka waya wa umeme na kufunga mpira wa maji, na nyumba imesimama. Chini ya sakafu kuna matangi mawili ya maji machafu, moja la sinki na bafu, jingine la choo. Hayo humwagwa mahali palipotengwa tu, kwa bomba nene na glovu mikononi. Nilipenda sana utaratibu huu: hakuna aliyetusimamia, na hatukumwona hata mtu mmoja akimwaga uchafu kando ya barabara.

Gari huendeshwa upande wa kulia, na mwendo unaoruhusiwa kwenye sehemu kubwa ya njia ni kilomita 110 kwa saa. Upepo hulipiga ubavuni, hivyo dereva wa gari refu kama hilo haondoi mikono kwenye usukani. Mwezi Juni, Calgary, jua huzama karibu saa nne usiku. Tulikuwa tukisonga ugali mchana kweupe, na watoto wa majirani wa kambini bado wakiendesha baiskeli.

Mtu aliyelelewa Nunguni, katika milima ya Kilungu kwetu Makueni, amezoea kuona paa la jirani ng'ambo ya bonde, na matuta yakishuka ngazi kwa ngazi hadi mtoni. Saskatchewan hakuna ng'ambo. Shamba la ekari 1,000 ni jambo la kawaida. Kuna ngano, kanola inayochanua manjano mwezi Julai, haradali, na adesi, zile tunazoziita kamande sokoni. Saskatchewan ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa adesi duniani. Chini ya mashamba, kina cha kilomita moja hivi, huchimbwa potashi, chumvi inayotia herufi K katika mifuko ya mbolea ya NPK. Kanada inaongoza duniani kwa madini hayo, na karibu yote hutoka mkoa huu mmoja.

Ni rahisi kudhani kwamba nchi hii ilizaliwa tupu. Si kweli. Walikuwako wenyeji wa asili, Cree, Blackfoot, Nakoda na Métis, na makundi makubwa ya baisoni, nyati wa huko, waliokuwa chakula chao, nguo zao na mahema yao. Kati ya 1871 na 1877 serikali ilitia sahihi na wengi wao mikataba saba iliyofunika tambarare yote ya kusini. Baisoni wakaangamizwa, njaa ikawasukuma watu kwenye maeneo waliyotengewa. Novemba 1885 reli ya Canadian Pacific ilikamilika, na mwezi huohuo Louis Riel, kiongozi wa Métis, akanyongwa Regina kwa kuongoza uasi. Baada ya hapo mwenyeji hakutoka eneo lake bila cheti cha ofisa, ingawa hakuna sheria iliyoagiza hivyo. Wakenya walioikuta habari ya kipande kwa babu zao hawahitaji kufafanuliwa zaidi.

Ardhi ikapimwa miraba kwa miraba. Kwa sheria ya 1872, mhamiaji alilipa dola 10 za kuandikishwa, akapewa ekari 160, mradi ajenge na alime. Hadi leo barabara za changarawe zinakatana kwa pembe mraba, kana kwamba zilichorwa kwa rula.

Kisha udongo ukapeperuka. Miaka ya 1930 ukame uliikausha ardhi ambayo nyasi zake zilikuwa zimelimwa, na upepo ukabeba mashamba. Mwaka 1935 serikali iliunda idara ya kuyaokoa: ikahimiza kulima kwa mistari inayokinga upepo, ikarudisha malisho, ikasaidia wakulima kuchimba mabwawa madogo, sawa na silanga zetu. Muongo huohuo Ukambani udongo ulikuwa ukienda na maji. Dawa ya wakoloni ilikuwa kuwanyang'anya watu ng'ombe, hadi mwaka 1938 Muindi Mbingu alipowaongoza Wakamba kwenda Nairobi kudai mifugo yao, akafungiwa Lamu. Milima yetu iliponywa baadaye na matuta ya fanya juu na vikundi vya kazi vya mwethya, yaani na wingi wa mikono. Mashamba yao yaliponywa na mashine, na hapo ndipo njia zetu zilipoachana. Kilungu shamba linagawanywa kila kizazi. Kule jirani humnunua jirani, shamba linakua, shule inafungwa. Maghala marefu ya mbao ya kuhifadhia nafaka kando ya reli, yaliyozidi 5,000 miaka ya 1930, yamebaki machache, na vijiji vyao vimekwenda nayo.

Hata hivyo watu wanaingia upya. Brooks, mji mdogo wa Alberta wenye kiwanda kikubwa cha nyama, una Wasomali, Waethiopia na Wasudani wengi. Calgary iliongozwa kuanzia 2010 hadi 2021 na meya Naheed Nenshi, ambaye wazazi wake walihamia Kanada kutoka Tanzania.

Ukiwa na ndugu Winnipeg au Calgary, nenda kati ya Juni na Septemba, kwa sababu baridi ya Januari hufika nyuzi 40 chini ya sufuri. Omba viza mapema, na uliza kabla ya kukodi gari kama leseni yako itakubaliwa. Usiishie barabarani. Fika Wanuskewin karibu na Saskatoon, ambako baisoni wamerudishwa tangu 2019, na Head-Smashed-In kusini mwa Alberta, genge ambalo Blackfoot na wahenga wao waliwindia nyati kwa maelfu ya miaka, lililoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Anayepita tambarare hizo bila kusimama huko ameona mashamba. Nchi yenyewe hajaiona.