Nyimbo Zisizopata Santuri

Somo letu la leo linahusu nyimbo ambazo wapenzi wa muziki huzitafuta sana, ingawa hazikupata kuuzwa dukani.

Tuchukue mfano wa marehemu Mbaraka Mwinshehe, mpiga gitaa mashuhuri wa Morogoro Jazz, na tangu mwaka 1973 wa Super Volcano. Alifariki Mombasa kwa ajali ya gari mwezi wa Januari 1979. Santuri zake zinajulikana. Lakini bendi za zama zile zilipiga muziki wao mahali pengine pia. Zilipiga katika studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, ikanasa nyimbo katika utepe ili kuzitangaza. Tena zilipiga katika kumbi za dansi, ambako wimbo mmoja uliweza kurefushwa na kubadilishwa kila usiku. Kwa hiyo nyimbo nyingi zilisikika redioni wala hazikutiwa katika santuri. Na zile za ukumbini zilibaki tu ikiwa mtu alikuwa na mashine ya kunasia sauti.

Basi, huenda kaseti ya namna hiyo imo sandukuni mwa babu yako. Itazame mapema. Utepe ni plastiki nyembamba iliyopakwa unga wenye sumaku, na sauti imeandikwa katika sumaku hiyo. Joto, unyevu na vumbi huuharibu. Spika nayo ina sumaku, kwa hiyo usiweke kaseti juu yake.

Fanyeni hivi. Kwanza, msiipige katika mashine chafu, maana utepe ukinaswa hukatika. Pili, mwulizeni mzee aliyeinasa: bendi gani, ukumbi gani, mwaka gani? Yaandikeni, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Tatu, mpelekeeni fundi anayeaminika aihamishe sauti katika kompyuta, nanyi mtunze kaseti yenyewe.

Jambo la mwisho. Mwenye kaseti si mwenye wimbo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi, na akifa, warithi wake. Msiuze nakala bila idhini yao.

Mzee anayejua majina ya wapigaji akiondoka kabla ya kuulizwa, hata kaseti nzima itabaki bubu. Mwulizeni jioni ya leo. Kwaherini.