TOPE LA MAJITAKA: MWENYE DUKA NDIYE MWENYE SOKO

Kila mwaka zaidi ya tani milioni 3 za tope lililosafishwa kutoka mitambo ya majitaka humwagwa katika mashamba ya Uingereza. Mkulima hupata naitrojeni, fosforasi na mboji, na mara nyingi hulipa kidogo sana au halipi kabisa. Kwa lugha ya biashara, hii ni bidhaa ambayo mwuzaji anamhitaji mteja kuliko mteja anavyoihitaji bidhaa. Tope halina ghala la kudumu: majitaka hayasimami, na kinachobaki mtamboni lazima kiondoke.

Zamani sehemu yake iliondoka kwa meli. Meli zilipakia Beckton, mashariki ya London, na nyingine Davyhulme, Manchester, zikaenda kumwaga baharini. Sheria ya Ulaya ya 1991 juu ya majitaka ya miji iliifunga njia hiyo mwishoni mwa 1998. London ilijenga matanuri ya kuchomea Beckton na Crossness, lakini kwa kampuni nyingi za maji njia ya bei nafuu ilikuwa moja tu, shamba.

Hapo ndipo wenye maduka walipoingia. Kanuni za serikali kuhusu tope mashambani zilikuwapo tangu 1989, nazo ziliweka viwango vya metali kama zinki, shaba, nikeli, kadmi, risasi na zebaki. Supamaketi hazikuridhika. Zilihofia siku ambayo mteja angeuliza saladi yake imekulia katika nini. Mwaka 1998 chama cha wauzaji wa rejareja na kampuni za maji vilikubaliana masharti mapya. Tope lisilosafishwa likaondolewa katika mazao ya chakula kufikia mwisho wa 1999. Tope la usafishaji wa kawaida, ambalo asilimia 99 ya vijidudu vya maradhi vimeuawa, likawekewa ngojo ya miezi 12 kabla ya kuvuna mboga na miezi 30 kwa saladi. Lile la daraja la juu, ambalo limeua asilimia 99.9999 na halina salmonela, linangoja miezi 10.

Makubaliano hayo hayakuwa sheria ya bunge, lakini mkulima aliyeyapuuza alijua mzigo wake ungeweza kukataliwa. Kampuni za maji nazo zikatumia fedha nyingi kwa mitambo ya kuchachusha tope kwa joto, ambayo pia inatoa gesi ya kuzalisha umeme. Katika hesabu za kampuni hizo umeme ni mapato ya maana kuliko mbolea yenyewe.

Ili ahadi hiyo iaminike ilihitajika mfumo wa usimamizi wa mazingira, wa aina iliyoenea duniani baada ya kiwango cha ISO 14001 kutoka mwaka 1996. Kazi inaanzia mbali na shamba, kwenye kibali cha kiwanda kinachomwaga maji katika bomba la mji. Kadmi ikiingia huko, hakuna joto litakaloitoa. Mtamboni huandikwa kiwango cha joto na muda. Kila fungu hupimwa. Shambani udongo hupimwa na siku za kungoja huhesabiwa. Kisha huja mkaguzi wa nje asiyelipwa mshahara na kampuni ya maji. Leo kazi hiyo inafanywa chini ya mpango maalumu wa hati za uthibitisho kwa ajili ya tope la mashambani.

Hata hivyo si kila kitu kimebanwa sawasawa. Kanuni za 1989 zinataka udongo upimwe tena walau kila miaka 20. Mwenye benki hangekubali kukagua dhamana yake kwa mwendo huo.

Gharama kubwa nyingine ni usafiri, kwani hata tope lililokamuliwa huwa robo tatu maji, na lori haliwezi kwenda mbali bila hasara. Tangu Aprili 2018 kanuni za kulinda mito ya England zimezuia pia kumwaga kuliko mahitaji ya udongo na zao, jambo lililozua mabishano makali kuhusu msimu wa vuli. Nafuu ilikuja 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya mbolea za viwandani na wakulima kulitazama tope kwa jicho jingine.

Mwaka huo huo jimbo la Maine, Marekani, lilipiga marufuku umwagaji wa tope mashambani baada ya kemikali za PFAS kukutwa katika udongo, maji na maziwa. Kanuni za Uingereza za 1989 hazizitaji kemikali hizo. Hati ya ukaguzi inathibitisha yale yaliyomo katika orodha tu. Mkulima ambaye shamba lake limechafuliwa na kitu cha nje ya orodha hana pa kuipeleka hati hiyo.

Supamaketi hizo hizo hununua maharage machanga ya Kenya. Mwaka 1997 wauzaji wa rejareja wa Ulaya walianzisha EUREPGAP, ambayo tangu 2007 inaitwa GLOBALG.A.P. Toleo la 5 la kanuni hizo lilikataza tope la majitaka ya binadamu katika mazao yaliyosajiliwa, liwe limesafishwa au la. Kwa hiyo mkulima wa Uingereza aliruhusiwa kwa masharti kitu ambacho mwenye hati hiyo Naivasha au Arusha alikatazwa kabisa. Haki ya jambo hilo inaweza kujadiliwa, lakini anayelipa ndiye huandika mkataba.

Mtambo wa mji wa Afrika Mashariki unaotaka kuuza tope lake basi usiuhesabu mkanda wa mboga za kuuza nje kama soko. Wanunuzi wake wawe wapanda miti, wenye vitalu na wakulima wasiofungwa na mikataba hiyo. Naye msafirishaji anayekodi shamba jipya atadaiwa tathmini ya matumizi ya zamani ya ardhi; aulize mpangaji aliyetangulia alimwaga nini, na ajibiwe kwa maandishi kabla ya kulipa kodi.