Fimbo na Mwenye Fimbo (Sehemu ya Pili): Nyanda za Juu za Kigoma

Wiki iliyopita tuliangalia fimbo za Pwani: bakora ya mzee anayekwenda msikitini, henzerani ya mwalimu wa chuo, na kirumbizi, ngoma ambayo watu wawili huingia uwanjani kupimana ustadi wa fimbo. Leo tunaiacha bahari na kupanda hadi Buha, nchi ya Waha: Kasulu na Kibondo, pamoja na Buhigwe na Kakonko, wilaya zilizomegwa kutoka humo mwaka 2012. Hoja ni ileile tuliyoanza nayo. Fimbo hupewa maana na anayeishika na shughuli aliyoishikia.

Tuanze na mchungaji. Kabla ya ukoloni Buha ilikuwa na falme ndogo ndogo, zikiwamo Heru, Muhambwe na Buyungu, kila moja na mwami wake. Watawala walitoka kwa Watutsi, wafugaji wa ng'ombe wenye pembe ndefu. Wakulima walipata ng'ombe kwao kwa utaratibu wa ubugabire: unapewa ng'ombe umtunze na kumkamua, nawe unatoa utumishi na utii. Katika mazingira hayo fimbo ya kuchungia, ambayo Waha na jirani zao Warundi huiita inkoni, ilikuwa kitambulisho cha mtu aliyekabidhiwa mali ya thamani.

Mtazame mchungaji akiwa kazini. Muda mwingi fimbo imelala mabegani, nyuma ya shingo, na mikono yake imening'inia juu yake. Ng'ombe akianza kuliendea shamba la mahindi, hupigiwa mluzi. Asiposikia, fimbo hunyooshwa upande ule, naye huiona na kugeuka. Kupiga huja mwisho kabisa, kwa sababu mchungaji anayechapa kila hatua hulitawanya kundi kisha akashinda analikimbiza. Kwa hiyo kazi kubwa ya fimbo machungani ni kuonyesha njia.

Utawala nao una fimbo yake. Uchifu ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1963, na Buha ikaingia katika mfumo mpya ikiwa na kumbukumbu ya Mwami Theresa Ntare, mwanamke aliyetawala Heru katika miaka ya mwisho ya Waingereza. Muhambwe na Buyungu leo ni majina ya majimbo ya uchaguzi, na wabunge wake huketi Dodoma mbele ya fimbo nyingine, yaani siwa, inayoingizwa ukumbini na Mpambe wa Bunge kuwa alama ya mamlaka ya chombo hicho. Mwalimu Nyerere hakuachana na kifimbo chake kifupi, na mitaani kilizushiwa hadithi za kila aina. Kenya, Rais Moi alikuwa na rungu lake, maarufu kwa jina la fimbo ya Nyayo. Hakuna aliyetarajia viongozi hao wamchape mtu hadharani. Fimbo ilitosha kuonekana.

Ukivuka mpaka wa Burundi, mamlaka husikika katika ngoma. Ngoma za kifalme za Burundi ziliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2014, na mpigaji hutumia vijiti viwili vinene viitwavyo imirisho. Hapo swali la nani ashike kijiti ni zito hadi leo. Oktoba 2017 Rais Pierre Nkurunziza alitoa amri kwamba ngoma hizo zipigwe na wanaume tu. Wanawake waliokuwa wameanza kujifunza wakaambiwa waweke vijiti chini.

Lakini hakuna amri iliyowahi kumnyang'anya mwanamke fimbo ya kupuria. Maharage ni zao kubwa la nyanda hizi, na yakishang'olewa na kukauka hutandazwa uani na kupigwa kwa fimbo mpaka maganda yapasuke. Mpuraji mzoefu hushusha fimbo kwa ubavu wake, kwa nguvu ya wastani, akizunguka lundo polepole. Akitia nguvu mno punje hupasuka, na maharage yaliyopasuka hayafai kwa mbegu wala hayapati bei nzuri sokoni. Mihogo nayo huanza maisha kama kijiti. Mkulima hukata shina lililokomaa vipande vya sentimita 20 hadi 30 na kuvifukia. Kijiti kikitoka kwenye shina lenye batobato au michirizi ya kahawia, ugonjwa husafiri nacho hadi shamba jipya, kwa hiyo uteuzi wa vijiti ndio mwanzo wa mavuno.

Sasa tuingie uwanjani, kwa watoto. Mchezo wa pia unahitaji kisu, kipande cha mti laini na kijiti. Pia huchongwa juu ikiwa pana na chini imechongoka. Ncha ya kijiti hufungwa kamba ya nyuzi za mgomba, kamba ikazungushiwa pia, kisha ikavutwa ghafla. Pia ikianza kuyumba huchapwa ubavuni, chini ya kiuno chake, nayo husimama upya. Ukiichapa juu inaanguka na zamu imekwisha. Wapo wanaosukuma ringi la baiskeli kwa kijiti kilichoingia katika mfereji wake, na wapo wanaotembea juu ya mironjo. Michezo yote hiyo humfundisha mtoto kutawala nguvu zake.

Shuleni kuna mbio za kupokezana vijiti. Kijiti rasmi cha riadha ni mrija wa sentimita 28 hadi 30 wenye uzito usiopungua gramu 50, lakini kijiti kilichokatwa kichakani kinafunza lilelile: timu yenye wakimbiaji hodari hushindwa kama mmoja atakiangusha. Mpira wa magongo haukuota mizizi vijijini, ingawa una kumbukumbu kitaifa. Katika Olimpiki ya Moscow, mwaka 1980, timu yetu ya wanaume ilishika nafasi ya sita, ya mwisho, baada ya India, waliotwaa dhahabu, kutufunga mabao 18 kwa 0. Magazeti ya leo yangesema tumechapwa bakora.

Na bakora ndiyo inatupeleka darasani, ambako fimbo ina sura mbili. Ya kwanza ni vijiti vya kuhesabia. Vijiti kumi hufungwa pamoja vikawa fungu, na 23 ikawa mafungu mawili na vijiti vitatu. Mwalimu akisema utoe 7, vile vitatu havitoshi, hivyo mtoto hufungua fungu moja na kupata vijiti 13. Akiondoa 7 hubaki 6, na fungu moja lililosalia linafanya jibu kuwa 16. Somo la kukopa, linalowatoa jasho watoto wengi ubaoni, limekaa viganjani mwake.

Sura ya pili ni adhabu. Kanuni za mwaka 2002 kuhusu adhabu ya viboko zinasema visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, viandikwe katika kitabu, na msichana achapwe na mwalimu mwanamke ikiwa yupo. Mwalimu anayeingia darasani na fimbo mkononi na kugawa viboko kwa kila jibu lisilo sahihi amekwishavunja kanuni hizo kabla hatujajadili kama zenyewe zinafaa.

Wapo watakaotukumbusha kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali hiyo inahimiza malezi, na malezi ya Buha yametumia fimbo kuchunga, kupura, kuhesabu na kucheza kuliko kuumiza. Mzazi wa Kasulu, mchongee mwanao pia. Mwalimu wa Kibondo, jaza meza yako vijiti vya kuhesabia, na ile ndefu ya pembeni irudishe machungani, ambako wenyewe wanajua kuitumia.

Wiki ijayo: rungu na sime katika nchi ya Wamasai.