Meli za wageni zaifuata Kilwa, watoto wa Mingoyo je?

MELI ndogo ya kitalii inapotia nanga mbele ya Kilwa Kisiwani, abiria wake hawasubiri gati. Boti za mpira zinateremshwa majini, watu kumi kumi wanashuka wakiwa wamevaa majaketi ya uokoaji, na baada ya dakika chache wako ufukweni. Wengi ni wastaafu kutoka Ulaya na Marekani, waliolipa maelfu ya dola kwa safari ya wiki mbili hivi. Wanazunguka Msikiti Mkuu, Gereza na Husuni Kubwa, wanapiga picha, na kabla jua halijazama wamesharudi melini.

Mwendo wa saa chache kwa basi kutoka hapo, kwenye njia panda ya kwenda Mtwara na Masasi, ipo Mingoyo. Hapa watoto wanasoma habari za Kilwa kwenye kitabu cha historia, wanajibu maswali ya mtihani, na wengi wanamaliza shule bila kuyaona magofu hayo kwa macho yao. Mtoto wa Lindi anaijua Dar es Salaam kwa sababu kuna shangazi na wajomba. Kilwa anaipita dirishani akiwa ndani ya basi, hasa pale Nangurukuru watu wanaposhuka kununua chakula.

Safari za aina hii ziliwahi kuwa mambo ya ncha ya kaskazini ya dunia, kwenye barafu. Leo zinafika katika pwani yetu, na familia za huku zina sababu ya kujua zinavyokwenda, zinaacha nini, na mwenyeji anaweza kujifunza nini.

Kule kwenye barafu

Huko Greenland kuna mji mdogo unaoitwa Ittoqqortoormiit, wenye wakazi wapatao 350. Hakuna barabara inayoufikia kutoka mji mwingine. Bahari yake inaganda kwa karibu miezi tisa ya mwaka, na meli ya mizigo inafika mara chache tu wakati wa kiangazi. Ikichelewa, rafu za duka hubaki tupu.

Katika visiwa vya Svalbard, vilivyo chini ya Norway, mji mkubwa ni Longyearbyen wenye watu kama 2,500. Nako hakuna barabara kati ya makazi na makazi. Mtu anakwenda kwa boti, kwa ndege au kwa gari la theluji.

Meli za kitalii zinazokwenda huko hujengwa ndogo makusudi, ziweze kuingia kwenye mikono myembamba ya bahari. Ndani wamo wataalamu wa ndege, wa miamba na wa historia, na kila jioni wanawaeleza abiria watakachokiona kesho. Ratiba haifungwi kabisa. Upepo ukigeuka au barafu ikiziba njia, nahodha anabadilisha safari na abiria wanakubali.

Kusini mwa Svalbard, Norway ina mfano mwingine ulio karibu zaidi na maisha ya watu wa Lindi. Tangu mwaka 1893 kuna meli za pwani, maarufu kwa jina la Hurtigruten, zilizoanzishwa kupeleka barua, mizigo na watu kwenye vijiji vya kaskazini. Leo njia hiyo inatoka Bergen hadi Kirkenes ikipitia bandari 34, na kwenda na kurudi ni siku 12 hivi. Mtalii amelala chumba cha gharama, na kwenye meli hiyohiyo yumo mama aliyepanda kituo kimoja na atashuka kituo cha tatu kumwona binti yake aliyejifungua.

Kusini nako kulikuwa na meli

Wazee wa Mingoyo hawashangai wakisikia habari za miji isiyofikika. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, Mto Rufiji ulivukwa kwa pantoni, na masika yakishika barabara ya kusini ilikuwa tope tupu. Safari ya Dar es Salaam iliweza kuchukua siku kadhaa. Ndiyo maana watu wa Lindi na Mtwara walitegemea meli. Majina kama MV Canadian Spirit na MV Santorini bado yanatajwa vibarazani, pamoja na habari za kulala juu ya magunia ya korosho na kutapika hadi Mafia.

Daraja hilo lenye urefu wa mita 970, na lami iliyofuata kipande kwa kipande, viliwahamishia abiria kwenye mabasi. Ni nafuu kubwa. Lakini Mei 2024 mvua zilizoambatana na kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Lindi na Dar es Salaam eneo la Somanga na kwingineko. Mabasi yalikwama, bidhaa zikapanda bei, na wagonjwa waliokuwa na rufaa wakashindwa kupita. Wengi wakakumbuka kwamba bahari ipo palepale, ila meli ya abiria haipo tena.

Hata Mingoyo yenyewe ina habari yake ya meli. Hori linaloingia kutoka Lindi hadi kwenye mdomo wa Mto Lukuledi lilificha meli ya Wajerumani iitwayo Präsident mwaka 1914, Vita ya Kwanza ya Dunia ilipoanza. Milingoti yake ilifunikwa makuti ya minazi ili ionekane kama miti ya ufukweni. Mwezi Oktoba Waingereza waliigundua, wakapanda na kukuta humo karatasi zilizoonyesha kwamba makaa ya mawe yalikuwa yakipelekwa Rufiji. Kwa kufuata karatasi hizo wakaipata manowari ya Königsberg, iliyokuja kuangamizwa kwenye delta ya Rufiji Julai 1915.

Bandari ya Lindi ilipitisha pia mifupa ya mijusi wakubwa wa Tendaguru. Kati ya mwaka 1909 na 1913 wapagazi waliibeba vichwani na mabegani kwa siku kadhaa hadi Lindi, ikapakiwa melini kwenda Ujerumani. Miongoni mwa waliosimamia uchimbaji ni Boheti bin Amrani, Mwafrika ambaye ujuzi wake wa kushughulikia mifupa uliwategemeza wanasayansi wa Kijerumani. Mjusi aliyesimamishwa Berlin kutokana na mifupa hiyo ana kimo cha zaidi ya mita 13. Mtoto akisimama ufukweni Lindi akaelezwa hayo, hataliona tena hori lile kama maji ya kawaida.

Faida ya mgeni na adabu ya mwenyeji

Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wahenga. Lakini mgeni wa meli ana jambo lake. Analala melini, anakula melini, na maji anayokunywa ametoka nayo melini. Akishuka kwa saa tatu kijijini, kinachobaki ni kiingilio, ujira wa kiongozi wa watalii, na alichonunua mkononi. Kama hakuna cha kununua, anaondoka na fedha yake.

Miji ya barafu ililiona hilo mapema. Watu wa huko wakishirikiana na umoja wa kampuni za meli hizo, unaojulikana kama AECO, waliandika miongozo ya wageni: usimpige mtu picha bila kumwomba, usichungulie madirisha ya watu, usiingie makaburini ovyo, nunua vitu vilivyotengenezwa hapo. Svalbard ilikwenda mbali zaidi. Tangu Januari 2025, meli inayoingia maeneo ya hifadhi hairuhusiwi kuwa na abiria zaidi ya 200, na hakuna anayeruhusiwa kumsogelea dubu wa barafu chini ya mita 300.

Kwa wazazi wa pwani ya Kilwa na Lindi, mafunzo matatu yanatosha kuanzia. La kwanza, siku ya meli isiwe siku ya utoro. Mtoto akishazoea kupewa pipi na sarafu ufukweni, darasa linapoteza ladha. Zawadi zikiwapo, zipitie kwa mwalimu mkuu au serikali ya kijiji. La pili, picha ya mtoto ni mali ya familia. Mzazi ana haki ya kusema hapana, na mtoto afundishwe kusema hivyo kwa adabu. La tatu, mikono ya nyumbani ina soko. Mkeka wa ukili uliosukwa vizuri, kawa, kikapu kidogo kinachoingia kwenye begi, vinaweza kumpa mama fedha ambayo haikupita kwa dalali.

Safari ya familia kutoka Mingoyo

Familia haihitaji maelfu ya dola. Inahitaji siku mbili, nauli, na mpango.

Chagua msimu. Likizo ya Juni inaangukia kwenye kusi, upepo unapovuma kwa nguvu na bahari kuchafuka. Likizo ya Desemba ni bora kwa bahari, ingawa mvua za kusini huwa zimeanza. Kati ya pepo hizo, mwezi Oktoba na Novemba, maji hutulia zaidi, na wikiendi moja inatosha.

Anza karibu. Watoto wasiowahi kupanda chombo wapelekwe kwanza Lindi mjini, wavuke kwa kivuko kwenda Kitunda na kurudi. Ni safari fupi, lakini hapo ndipo utakapojua nani anachafukwa na nani anapenda kuning'inia pembeni.

Kilwa nenda jioni, vuka asubuhi. Basi la kwenda Dar es Salaam litakushusha Nangurukuru, kisha gari dogo hadi Kilwa Masoko. Lala huko. Magofu yako chini ya TAWA, hivyo pita kwenye ofisi yao Masoko ulipie kibali na upate kiongozi. Raia analipa kiingilio cha chini kuliko mgeni, kwa hiyo beba kitambulisho. Kuvuka kwa mashua ya injini si mbali, na asubuhi upepo unakuwa bado mdogo. Vaeni kandambili, maana maji yakipwa huenda mkakanyaga matope.

Waelezeni watoto wanachokiona. Sehemu ya kale ya Msikiti Mkuu ni ya karne ya 11. Ibn Battuta alifika hapa mwaka 1331, Kilwa ikiwa na utajiri wa dhahabu iliyotoka Sofala. Sarafu za shaba zilizopigwa Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Wareno waliuvamia mji mwaka 1505. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa kwenye orodha ya hatari mwaka 2004, na yakaondolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Asije mtoto akang'oa jiwe la kumbukumbu.

Bahari haina mzaha

Hata meli za kisasa hupatwa. Septemba 2023 meli ya kitalii Ocean Explorer ilikwama kwenye mkono wa bahari Greenland ikiwa na watu 206, na ilikaa siku tatu kabla ya kunasuliwa. Wote walitoka salama, kwa kuwa chombo kilikuwa na vifaa na watu walitulia.

Kwetu kumbukumbu ni chungu zaidi. MV Spice Islander ilizama Septemba 2011 ikiwa imejaza kupita kiasi. MV Skagit ikafuata Julai 2012, katikati ya kusi. Familia nyingi hazijapona mpaka leo.

Kwa hiyo mzazi asione haya. Sikiliza utabiri wa bahari wa TMA kabla ya kutoka. Kila mtoto avae jaketi la uokoaji linalomtosha, lililofungwa, si la kukalia. Hesabu vichwa. Chombo kikijaa, shuka, hata kama umeshalipa na nahodha anakwambia twende tu. Usivuke na mashua ambayo injini yake imekorofisha ufukweni, kwani katikati ya mkondo haitapata akili. Mjamzito wa miezi ya mwisho na mtoto mchanga wangoje nchi kavu.

Wageni wa meli wanafundishwa haya yote kabla boti ya kwanza haijateremshwa, na asiyehudhuria mafunzo haruhusiwi kushuka. Mtoto wa Mingoyo naye anastahili kuelezwa hivyohivyo, kisha apelekwe akaione Kilwa yake.