Upanuzi wa Lugha ya BPMN kwa Mahitaji Maalumu: Uhuru na Mipaka Yake

BPMN ni lugha ya alama inayotumiwa kuchora michakato ya kazi katika taasisi. Toleo lake la kwanza lilitolewa mwaka 2004. Toleo la 2.0 lilichapishwa na shirika la Object Management Group mwaka 2011, na mwaka 2013 lugha hiyo ikawa kiwango cha kimataifa cha ISO. Katika lugha hii, mstatili wenye pembe za mviringo huwakilisha shughuli, duara huwakilisha tukio, na umbo la almasi huonyesha mahali ambapo njia za mchakato hugawanyika au kuungana.

Nguvu ya alama hizi imo katika ujumla wake, kwa kuwa alama zilezile hueleza utoaji wa mkopo benki na mapokezi ya mgonjwa hospitalini. Ujumla huo ndio pia udhaifu wake. Mchoro wa mapokezi huonyesha taarifa za mgonjwa zikienda kwa daktari, lakini lugha ya msingi haina alama mahususi ya kusema kuwa taarifa hizo ni siri. Ili kuziba pengo la aina hii, Alfonso Rodríguez, Eduardo Fernández-Medina na Mario Piattini walipendekeza mwaka 2007 nyongeza inayotumia alama ya kufuli kuonyesha mahitaji ya usalama.

BPMN 2.0 yenyewe inaruhusu nyongeza, kwa masharti. Kwanza, sifa mpya huambatishwa kwenye alama zilizopo bila kupingana na maana zake. Pili, alama mpya zinaweza kuongezwa, lakini umbo la alama iliyokwisha kufafanuliwa halibadilishwi. Kwa mfano, mraba haugeuzwi kuwa pembetatu. Tatu, mtunzi wa nyongeza anaweza kutamka ndani ya faili kwamba ni lazima programu iielewe nyongeza hiyo ili iuchakate mchoro ipasavyo.

Umuhimu wa tamko hilo hudhihirika faili inapohamishwa kutoka programu moja hadi nyingine. Programu ya pili hufahamu sehemu sanifu, lakini huenda ikaipuuza nyongeza isiyoijua. Hapo mchoro huonekana kamili ilhali sharti la usiri limepotea, na anayeutazama hana namna ya kutambua upungufu huo.

Hatari hii si ya kinadharia tu. Mwaka 2014, Richard Braun na Werner Esswein walichambua nyongeza zilizokwisha kuchapishwa na kubaini kuwa nyingi hazikufuata utaratibu rasmi wa upanuzi. Nyongeza ya namna hiyo huweza kueleweka vema karatasini, lakini ni vigumu kuibadilishana baina ya programu.

Kwa hiyo, swali la kwanza kwa mbunifu ni nani atakayeitumia taarifa inayoongezwa. Ikiwa ni binadamu pekee, maelezo ya maandishi, ambayo BPMN tayari inayo, yanaweza kutosha. Ikiwa programu inapaswa kutenda kwa kuifuata, nyongeza rasmi inahitajika, yenye sifa zilizofafanuliwa na tamko la iwapo ni lazima ieleweke. Kuchora kufuli ni hatua rahisi. Kazi kubwa ni kuhakikisha kwamba maana yake inasafiri pamoja na mchoro.